UZI: Swali limekuja, foleni iko mlangoni. Daktari wa familia aamini chanzo gani?

Tabibu_Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Salamu wanajukwaa, hasa madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wafamasia wa Mombasa na Pwani nzima.

Mimi ni daktari wa familia, zahanati yangu iko upande wa Kisauni. Fani yetu bado changa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifundisha kama shahada ya uzamili mwaka 2005, na hadi leo wapo wagonjwa wanaotuuliza sisi ni madaktari wa nini hasa. Sisi ndio wa mwanzo kumwona mtoto mwenye homa, mama mwenye sukari, babu mwenye presha na kijana asiyelala usiku, wote asubuhi moja. Kila mmoja ana swali lake, na hakuna anayeweza kuyabeba majibu yote kichwani. Kwa hiyo naleta hoja hii: tunazitoa wapi habari tunazotibia watu, na tunazipimaje?

Mwaka 1999 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa kule Iowa, Marekani. Watafiti walikaa na madaktari wa familia 103, wakaandika kila swali lililowajia wakiwa na wagonjwa. Yalikuwa 1,101. Asilimia 64 ya maswali hayo hayakutafutiwa jibu papo hapo. Kwa yale yaliyotafutiwa, daktari alitumia wastani wa chini ya dakika mbili, na alichokishika ni kitabu kilicho karibu au mwenzake wa chumba cha pili. Katika maswali yote hayo, ni mawili tu yaliyomfanya mtu apekue tafiti kwa utaratibu. Hao ni watu wenye maktaba na umeme usiokatika. Simu za kisasa zimekuja baadaye, lakini dakika mbili zimebaki dakika mbili.

Ndiyo maana nasema kwa nguvu: chanzo kipimwe kabla mgonjwa hajaketi. Ukianza kupima mbele yake, utachukua chochote kitakachotangulia kwenye kioo cha simu.

Slawson na Shaughnessy wa Marekani waliliweka jambo hili katika hesabu fupi mwaka 1994. Manufaa ya habari ya tiba ni jinsi inavyomhusu mgonjwa wako, mara uhakika wake, gawanya kwa kazi ya kuipata. Isipomhusu mgonjwa wako, jibu ni sifuri, hata iwe kweli tupu. Isipokuwa ya kweli ni sifuri vilevile, hata uipate kwa kubonyeza mara moja. Na ikikutaka saa tatu za kusoma, basi kwa mwenye benchi limejaa watu haina faida.

Neno «kumhusu mgonjwa» lina uzito wake. Zipo tafiti zinazohesabu namba za maabara, na zipo zinazohesabu watu: nani amekufa, nani amepooza, nani maumivu yamempungua. Baada ya mshtuko wa moyo, baadhi ya wagonjwa mapigo yao huruka. Dawa za encainide na flecainide zilituliza miruko hiyo vizuri sana kwenye karatasi ya kipimo, na madaktari wakaziandika. Utafiti wa CAST ulipohesabu watu badala ya miruko, sehemu ya dawa hizo mbili ikasimamishwa mwaka 1989, kwa sababu waliozimeza walikuwa wakifa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Karatasi ilikuwa nzuri, wagonjwa wakazikwa. Hilo hunikaa kichwani kila ninapoonyeshwa grafu inayoshuka.

Karibuni tujadili. Nataka kusikia mnavyofanya kweli.

---

AfisaKliniki_Changamwe

Shukran daktari. Mimi ni afisa wa kliniki, Changamwe. Nitasema ninavyofanya. Swali likinijia naingia WhatsApp. Tuna kundi la wenzetu, wamo hata madaktari bingwa, na jibu hufika kabla sijamaliza kuandika kadi. Kwa watoto nina kile kitabu kidogo cha Wizara cha miongozo ya watoto, kimeshakunjika pembe kwa kutumika.

Sasa kwa hesabu yako, kazi ya kupata jibu la WhatsApp ni ndogo kabisa. Ubaya wake uko wapi?

---

Tabibu_Kisauni

@AfisaKliniki_Changamwe, ndugu yangu, kumuuliza mwenzio si ubaya, hata wale wa Iowa walifanya hivyo. Mwenzio anakujua, anajua dawa zilizopo rafuni kwako. Tatizo ni kwamba kundi linatoa jibu bila umri wake. Jibu linakuja kavu, «mpe hii mara mbili kwa siku», na wewe huoni kama limetoka kwenye mwongozo wa mwaka jana au kwenye daftari la chuo la zamani.

Chukua malaria. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini ikaenda SP (sulfadoksini-pirimethamini). Mwaka 2004 sera ikabadilika tena kwenda dawa mseto, artemether-lumefantrine, na vituoni dawa ikaanza kutumika 2006. Kwa malaria kali tuliendelea na kwinini mpaka utafiti wa AQUAMAT wa 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika: waliochomwa artesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Kwa hiyo mwenzio anaweza kuwa mkweli, mwerevu, mwenye nia njema, na bado akakupa jibu lililokwisha muda. Muulize tu: umelitoa wapi, na ni la mwaka gani? Mwenye jibu zuri haudhiki kwa swali hilo.

Kitabu chako kilichokunjika pembe ndicho ningekishika kwanza. Lakini tazama toleo. Mimi huangalia ukurasa wa mbele kabla ya kuangalia dozi.

Na kwa kuwa umetaja watoto, nisipolitaja la Kilifi nitakuwa sijasema kitu. Vitabu vya nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri apewe dripu nyingi kwa haraka. Ilionekana ni jambo lililo wazi, kulipima kukaonekana karibu ni kumnyima mtoto tiba. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na watafiti wa Kilifi hapo jirani, ukalipima katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011. Watoto 3,141. Katika saa 48, waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi kidogo ya 10 katika kila 100, iwe maji ya chumvi au albumini (maji yenye protini ya damu). Wasiopewa walikufa asilimia 7.3. Hiyo ni tofauti ya watoto watatu na zaidi katika kila mia. Na hawa ni watoto wetu, katika wodi zinazofanana na zetu.

Sasa sikiza na upande wa pili, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Utafiti huo haukuwachukua watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara, wala wenye utapiamlo mkali. Anayesoma kichwa cha habari tu atasema «dripu inaua» na kumwacha mtoto wa kuhara akauke. Kwa hiyo katika kila utafiti natafuta kwanza aya inayosema nani aliachwa nje. Huwa ni fupi, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama habari ile ni yangu au si yangu.

---

Mfamasia_Makupa

Daktari umegusa penyewe. Mimi nitasema la wawakilishi wa kampuni za dawa, kwa sababu wakitoka kwenu wanakuja kwangu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwatukani wale vijana, wanatafuta riziki, na wengine wanaijua dawa yao vizuri. Ila tazama namba wanazozichagua. Atakwambia dawa hii «inapunguza mshtuko wa moyo kwa asilimia 31». Namba hiyo ni ya kweli. Imetoka Uskoti, utafiti wa WOSCOPS wa 1995 juu ya pravastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) katika damu. Lakini ukifungua ndani utakuta hivi: katika wanaume 100 wasiopewa dawa, karibu 8 walipata mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa moyo katika miaka mitano. Katika 100 waliopewa, ni 5 na nusu. Faida ni kama watu wawili na nusu katika mia, kwa kumeza kidonge kila siku miaka mitano.

Ni faida ya kweli, na wapo watu wanaoihitaji sana. Lakini mama wa Kongowea anayechagua kati ya kidonge na unga wa wiki ana haki ya kuambiwa namba hiyo ya pili. Tena wale walikuwa wanaume pekee, wa umri wa miaka 45 hadi 64, wenye lehemu nyingi. Yeye si mmoja wao.

Ushauri wangu kwa madaktari: mwakilishi akikutajia asilimia, mwambie akuhesabie kwa watu mia. Asipoweza, chukua karatasi yake ukaisome mwenyewe jioni. Na dawa mpya iache ikae kidogo sokoni. Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo, iliruhusiwa Marekani 1999, ikaondolewa duniani kote Septemba 2004 kwa madhara ya moyo. Kwa maumivu ya kawaida ya viungo, dawa za zamani zilikuwepo muda wote huo.

---

Maabara_Likoni

Nawasoma kwa makini, lakini naona madaktari mnasahau chumba cha pili. Mimi ni wa maabara. Mgonjwa anavuka feri anakuja na homa ya siku tatu, anasema «nipimie malaria na taifodi». Daktari anaandika Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Nikimwambia mgonjwa kipimo hiki hakiaminiki, ataenda mlango wa pili apimiwe kwa pesa ileile na apewe dawa. Nyinyi mnazungumza majarida, sisi tunazungumza na mtu anayeungua homa. Chanzo bora duniani kitafanya nini hapo?

---

Tabibu_Kisauni

@Maabara_Likoni, kaka, nashukuru umelisema, na sitakujibu kwa mkato.

Kipimo cha Widal kimekuwepo tangu 1896. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya ugonjwa, si mdudu mwenyewe. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa wa zamani au chanjo, na maradhi mengine yanaweza kukiamsha, malaria ikiwemo. Katika mji kama wetu, kipimo kimoja cha mara moja kikisoma «chanya» hakikwambii kama mtu huyu anaumwa taifodi leo. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoonyesha mdudu, na hata huko baadhi ya wagonjwa hawagunduliwi. Hilo si suala la jarida dhidi ya mgonjwa. Mtu akipewa antibayotiki za taifodi ambayo hana, homa yake halisi inaendelea, na dawa zinazidi kuzoeleka kwa wadudu.

Lakini unalosema kuhusu mlango wa pili ni kweli, na hapo naona kazi ya daktari haiishii kusoma. Mimi humweleza mgonjwa kwa maneno haya: «Kipimo hiki kinaweza kusema ndiyo kwa ugonjwa ulioupata zamani. Nataka nijue homa ya leo.» Kisha nampima malaria, namkagua mwili mzima, namwambia siku ya kurudi na dalili za kumrudisha mapema. Wengi hukubali, kwa sababu wamesikilizwa. Atakayekwenda mlango wa pili atakwenda. Ndiyo maana nataka wa mlango wa pili awe kwenye uzi huu pia.

---

Binti_MjiWaKale

Assalamu aleikum. Samahanini mimi si wa afya, namtunza mamangu hapa Mji wa Kale. Ana sukari, anameza vidonge viwili tofauti, na Ramadhani haachi kufunga. Kila mwaka napokea sauti za WhatsApp, mmoja anasema sukari inapona kwa kufunga, mwingine anasema kufunga ni kujiua. Daktari, nyinyi mnatoa wapi ushauri wa jambo kama hili? Maana naona vitabu vyenu vyote ni vya Wazungu.

---

Tabibu_Kisauni

@Binti_MjiWaKale, waaleikum salaam dadangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote hapa.

Upo mwongozo wake maalum, wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa madaktari wanaoshughulikia kisukari na Ramadhani. Toleo la 2016 likaboreshwa 2021. Unamwekea kila mgonjwa alama za hatari kufuatana na umri, dawa, figo, kushuka kwa sukari siku za nyuma na kadhalika. Sifuri hadi 3 hatari ni ndogo, 3.5 hadi 6 ni ya wastani, zaidi ya 6 ni kubwa na ushauri ni asifunge. Unasema aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Unasema afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 70 au juu ya 300 kwa kipimo cha mg/dL, na kwamba kujidunga kidole kupima hakuharibu saumu.

Sasa nakuonyesha ninavyoupima mwongozo huo, na @Mfamasia_Makupa atafurahi. Moja ya misingi yake ni utafiti wa EPIDIAR, nchi 13, watu zaidi ya elfu kumi na mbili. Ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari kama cha mamako, sukari kushuka vibaya kuliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani. Namba inatisha. Kwa watu mia, ni kutoka 0.4 kwa mwezi hadi 3. Si jambo dogo, ila si «kujiua» pia. Nchi zenyewe ni kama Misri, Morocco, Pakistan, Indonesia. Hakuna hata moja ya Afrika Mashariki. Je, unatuhusu? Saumu ni ileile, dawa ni zilezile, na mchana wetu wa karibu na ikweta haurefuki wala kufupika sana. Kwa hiyo nauchukua. Chakula cha futari ndicho nabadilisha, maana walioandika hawakufikiria viazi vya nazi, mihogo na kaimati.

Nenda na vidonge vyote viwili kwa daktari wa mamako kabla ya Ramadhani. Kimoja kikiwa glibenklamaidi, mtaje kwa jina, kwa sababu hicho hushusha sukari kwa muda mrefu na daktari anaweza kutaka kukibadilisha. Usimbadilishie dozi mwenyewe kwa maneno yangu ya hapa.

---

Mwanafunzi_Pwani

Mimi bado nasomea udaktari. Wenzangu wengi hawafungui tena PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, wanaiuliza programu ya akili bandia, inajibu kwa Kiswahili kizuri na marejeo inatoa. Je, hiyo si dakika mbili zako daktari? Na majarida makubwa si yameshapimwa na wataalamu?

---

Tabibu_Kisauni

@Mwanafunzi_Pwani, mwanangu, marejeo yale yafungue. Programu hizo zimeonekana zikitunga makala ambayo hayapo, zikiyapa majina ya watafiti walio hai na majarida ya kweli. Itumie kukufungulia njia ya kuuliza vizuri. Dozi usiichukue humo.

Na jina kubwa pekee halitoshi. Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha makala juu ya kutumia dawa ya haidroksiklorokwini kwa korona, yenye wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya utafiti wake wa dawa hiyo. Wasomaji wakauliza maswali: hizi takwimu za Afrika zimekusanywaje, hospitali zipi zenye rekodi za kompyuta kiasi hiki? Waandishi watatu kati ya wanne wakashindwa kuithibitisha data, makala yakaondolewa mwanzoni mwa Juni. Miongoni mwa waliohoji walikuwemo watafiti na madaktari waliojua hospitali za Afrika zinavyofanana. Nawe unazijua.

Kwa utaratibu wangu, kwanza mwongozo wa Wizara wa karibuni. Usipotosha, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti, kwa sababu wao hukusanya tafiti zote za swali moja, nzuri na mbaya, na kusema wana uhakika kiasi gani. Halafu PubMed, ambayo ni bure kwa yeyote tangu 1997, na makala moja moja nazisoma jioni, si mbele ya mgonjwa. Kwa majarida ya kulipia ipo Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuyafungua, umekuwepo tangu 2002. Usajili wake ni wa taasisi, kwa hiyo ulizia nywila maktaba ya chuo chako sasa hivi kabla hujahitimu. Wengi wetu wa zahanati binafsi hatuna taasisi ya kutusajili, na hilo linaniuma, maana mgonjwa wa Kisauni anahitaji daktari aliyesoma kama anavyohitaji mgonjwa wa hospitali ya chuo kikuu.

---

AfisaKliniki_Changamwe

Nimerudi. Jana niliuliza kwenye kundi letu «umelitoa wapi, ni la mwaka gani?» kuhusu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu). Kundi likagawanyika. Wengine wanasema huku kwetu kwenye malaria ni hatari, dawa itashusha kinga. Mmoja tu ndiye aliyeweka makala. Mtoto mwenyewe ana miaka sita, maumivu yanamlaza karibu kila mwezi. Daktari wasemaje?

---

Tabibu_Kisauni

Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ushahidi wa mwanzo ulitoka Marekani, kusiko na malaria, na ilikuwa haki kuuliza kama unatufaa. Ndipo likapimwa hapa. Uganda walifanya NOHARM, wakagawa watoto kwa bahati nasibu kati ya dawa na kidonge bandia, na malaria haikuongezeka. Kisha REACH, iliyochapishwa 2019, watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi yetu. Huo haukuwa na kidonge bandia, uliwalinganisha watoto na hali yao wenyewe kabla ya dawa, kwa hiyo peke yake nisingeuegemea wote. Lakini zote mbili ukiziweka pamoja zinaelekea upande mmoja: katika REACH maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua.

Mtoto wa miaka sita anayelazwa kwa maumivu kila mwezi ni yuleyule waliyemchunguza. Mpime damu kamili kwanza, mpeleke kliniki ya selimundu aanzishiwe dozi kwa uzito wake, na umpangie kurudi kupimwa chembe za damu, kwa sababu dawa inaweza kuzishusha. Chandarua aendelee nacho, na dawa yake ya kinga ya malaria isikatwe. Na yule aliyeweka makala kwenye kundi, mwambie aje kwenye uzi huu, nina maswali yangu ya kumuuliza kuhusu dozi.